Kuimba na kuchora kwa aliyeumizwa na vita: Anayeongoza awe amefunzwa



Ndugu msomaji, tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha tena katika safu yetu ya afya na usafi. Tumezoea kuelezana hapa habari za kuchemsha maji, kunawa mikono, kutunza choo na kujikinga na maradhi ya matumbo. Leo tutazungumzia jeraha lisilooshwa kwa maji wala kufungwa bandeji. Ni jeraha la moyo na akili analobaki nalo mtu aliyeona vita, mauaji au ajali kubwa. Tutaangalia jinsi kuimba, kuchora na kazi za mikono vinavyoweza kumsaidia mtu huyo, na kwa nini anayeongoza shughuli hizo ni lazima awe amefunzwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikiletewa mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi, akilalamika tumbo. Wazazi wake ni Watanzania waliokuwa wakifanya biashara upande wa Kivu, mashariki ya Kongo, wakarejea nyumbani baada ya mapigano kuwafikia. Tulipima choo, tukapima mkojo, tukapima malaria. Hakikuonekana kitu. Tukampa dawa ya minyoo, maumivu yakarudi. Mama yake akanieleza pia kwamba mtoto ameanza kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani. Nikaona mtoto huyu anahitaji wenzake, nikashauri apelekwe madrasa moja hapa mjini Dodoma, ambako vijana walikuwa wakijiandaa na kaswida za Maulidi.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Madufu yalipopigwa kwa pamoja, bila ya taarifa, yule mtoto alijitupa chini ya benchi, akaziba masikio, akajikojolea. Nami kwa nia njema kabisa nikamtoa pale chini, nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia asiogope, awaeleze wenzake aliyoyaona huko alikotoka. Hakusema neno. Alitetemeka tu. Wiki mbili hakutia mguu madrasa, na usiku hali yake ikazidi kuwa mbaya.

Dufu halikuwa na kosa, wala mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyesomea utabibu na kupita madrasa, lakini sikufundishwa namna ya kumwongoza aliyeumizwa kwa sauti na kwa wimbo. Nia njema bila ya elimu ilimdhuru mtoto wa watu.

KIWEWE NI NINI?

Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na king'ora ndani ya mwili wake. Hatari ikija, moyo hupiga haraka, pumzi hufupika, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, king'ora huzimika na mwili hutulia. Hiyo ni neema.

Kwa mtu aliyepatwa na tukio zito mno, king'ora hicho huweza kubaki kimewaka hata baada ya hatari kwisha. Mlango ukibamizwa, yeye husikia risasi. Harufu ya moshi wa taka humrudisha kwenye nyumba iliyoungua. Hali hii ndiyo tunayoiita kiwewe. Dalili zake kwa mtu mzima ni kukosa usingizi, ndoto za kutisha, hasira za ghafla, kukwepa watu au mahali, na kuyaona tena matukio kana kwamba yanatokea sasa. Kwa mtoto, mara nyingi dalili hutokea mwilini: maumivu ya tumbo au kichwa yasiyo na sababu, kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama, au kurudia mchezo mmoja wa kupigana na kuzika.

Si kila aliyeona vita huugua. Wengi hutulia wakipata usalama, chakula, jamaa na ibada. Lakini wapo wasiotulia, nao si wachache. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la afya ya akili la namna fulani, kuanzia sonona na wasiwasi hadi kiwewe na maradhi makubwa zaidi.

WIMBO UNAFANYA NINI MWILINI?

Msomaji anaweza kuuliza: wimbo na rangi za kuchorea vina uhusiano gani na tiba? Nitaje mambo matatu.

Kwanza ni pumzi. Mtu anapoimba na kuvuta sauti, hutoa pumzi polepole na kwa muda mrefu. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo na kuuarifu mwili kwamba hatari imepita. Pili ni mdundo. Mdundo unaojirudia hautegi mtu, kwani anajua pigo lijalo litakuja lini. Kwa yule ambaye maisha yake yalivunjwa na jambo la ghafla, kule kujua kitakachofuata ni pumziko. Tatu ni kutoa bila kusema. Yapo mambo ambayo ulimi hauwezi kuyabeba, lakini mkono unaweza kuyaweka kwenye karatasi, kwenye udongo wa mfinyanzi au kwenye uzi wa kofia.

Hata hivyo, mlango huo huo unaoingiza utulivu unaweza kuingiza hofu. Sauti hufika moyoni kabla ya akili kupima. Ndiyo maana dufu lile lile linalomfurahisha mtoto mmoja lilimwangusha mwingine chini ya benchi.

WENZETU WALIVYOFANYA

Tuangalie mifano mitatu ya majirani zetu.

Mfano wa kwanza ni Bukavu, Kivu ya Kusini. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dakta Denis Mukwege, imetibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani. Kwa kazi hiyo Dakta Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Madaktari wa hapo walishona majeraha ya mwili, lakini wagonjwa wengi walipona mwili huku nyoyo zikiwa bado zinavuja damu. Tangu mwaka 2015, hospitali hiyo na shirika la Make Music Matter la Kanada wameendesha mpango uitwao Healing in Harmony. Wagonjwa hukaa pamoja, hutunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila kundi huongozwa na watu wawili: mtaalamu wa saikolojia na fundi wa muziki. Fundi peke yake hatoshi, kwani anaweza kufungua kidonda asichoweza kukifunga. Mtaalamu wa saikolojia naye akiwa peke yake, pengine mgonjwa asingefungua mdomo.

Mfano wa pili ni Kigali. Shirika la Musicians Without Borders lilianzishwa Uholanzi mwaka 1999, baada ya vita vya nchi za Balkani. Tangu mwaka 2012 shirika hilo limefanya kazi Rwanda na kliniki ya We-ACTx for Hope, inayohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Badala ya kuleta wanamuziki wa Ulaya kila mwaka kuwaimbia watoto, liliwafunza vijana wa Rwanda wenyewe wawe viongozi wa vipindi. Misingi wanayofundishana ni mitano: usalama, kutomwacha mtu nje, usawa, ubunifu, na kufanya kazi kwa kiwango kizuri. Usalama umetangulia yote.

Mfano wa tatu hauhusu muziki, lakini unajibu swali kubwa: je, mtu wa kawaida akifunzwa anaweza kweli kumsaidia mwenye kiwewe? Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi ya Uganda, watafiti waliwafunza wakimbizi wenyewe unasihi kwa wiki 6. Kisha wanasihi hao waliwahudumia wenzao wa Rwanda na Somalia. Utafiti huo, uliotolewa mwaka 2008, ulihusisha wakimbizi 277. Baada ya miezi 9, kati ya waliohudumiwa kwa njia mbili zilizotumika, asilimia 70 katika kundi moja na asilimia 65 katika jingine hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Katika kundi lililofuatiliwa tu bila unasihi, walikuwa asilimia 37. Hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa watu wa pale pale waliofunzwa vizuri na kusimamiwa.

KWA NINI MWENYEJI?

Mwenyeji anajua lugha ya kulilia na lugha ya kutulizia. Anajua wimbo upi ni wa harusi na upi ni wa msiba, na rangi ipi huvaliwa na mfiwa. Tena mwenyeji habebi sanduku akaondoka. Mji wa Goma uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu ukafuata Februari. Njia zinapofungwa namna hiyo, mgeni huweza kuondolewa kwa ndege. Muuguzi, mwalimu na mama wa mtaa ndio wanaobaki na watoto. Elimu iliyo vichwani mwao hubaki nao.

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba hayo ni ya Kongo na sisi wa Dodoma hayatuhusu. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo huko Igandu, katika mkoa wetu huu. Walikufa watu 281. Wapo waliookoa maiti siku ile ambao hawakupata mtu wa kuwauliza wanalalaje. Wapo pia wanaorejea kutoka nchi za vita, wakipanga nyumba jirani nasi na watoto wao wakikaa mkeka mmoja na wa kwetu.

Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa tangu mwaka 1927, nayo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ajabu ni kwamba sisi tulio karibu nayo ndio tuliolifanya jina lake kuwa tusi. Mtu akiambiwa aende Mirembe huona ametukanwa. Matokeo yake wengi hujificha na maradhi hadi yanapokomaa.

NA HUKUMU YA MUZIKI JE?

Najua baadhi ya wasomaji wameshauliza swali hili. Wanazuoni wametofautiana kuhusu ala za muziki, na mimi ni tabibu, si mufti. Fuata unavyofundishwa na sheikh wako. Ninachoweza kusema ni kwamba tiba hii haitegemei gitaa. Sauti ya mwanadamu inatosha. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba siku ya Idi, Mtume (s.a.w.) aliwaacha mabinti wawili waimbe na kupiga dufu nyumbani kwa Bi Aisha (r.a.), Sayyidna Abu Bakar (r.a.) alipotaka kuwakataza. Anayejizuia na dufu pia anayo kaswida ya mdomo, dhikri, kuchora miti na majumba, kushona kofia, kusuka ukili, kufinyanga na kupaka hina. Kwa jirani zetu Wagogo, akina mama wana ngoma yao ya muheme na wazee wana zeze na marimba. Kila watu waanze na walichonacho, kwani aliyeumizwa hutulia zaidi kwa kitu anachokifahamu.

Tena tukumbuke habari ya mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas (r.a.), aliyefiwa na kindege chake. Mtume (s.a.w.) alimkuta ana huzuni, akamuuliza kwa upole na kwa mzaha mwepesi habari za kile kindege. Hakumcheka kwa kulilia ndege, wala hakumsimamisha mbele ya watu. Laiti ningeikumbuka siku ile.

MAMBO NANE YA KUFUNDISHWA

Ikiwa msikiti, madrasa, shule au zahanati yenu inataka kuwafunza watu wake, mafunzo yasikose mambo haya:

1. Kuzitambua dalili za kiwewe, ili mtoto anayeshtuka asiitwe mtukutu, na anayenyamaza asiitwe mwenye kiburi.

2. Kutoa taarifa kabla ya sauti kubwa. Anza kwa sauti ya chini, panda polepole. Usipige makofi ghafla nyuma ya mtu, usizime taa, usifunge mlango kwa ufunguo.

3. Kumpa mtu hiari. Anayetaka kutazama tu atazame. Anayetaka kukaa karibu na mlango akae. Vita vilimnyang'anya uamuzi, nasi tusimnyang'anye tena.

4. Kutodai simulizi. Shirika la Afya Duniani limeshatahadharisha dhidi ya kuwalazimisha watu kusimulia yaliyowapata mara baada ya tukio. Mtoto akichora bunduki, usimuulize nani aliuawa. Mwambie tu, "Nieleze mchoro wako ukipenda," kisha subiri.

5. Utaratibu usiobadilika. Siku ile ile, saa ile ile, wimbo ule ule wa kufungulia na wa kufungia.

6. Kulinda siri na heshima. Michoro isibandikwe ukutani bila idhini, nyimbo zisipelekwe redioni bila ya mwenyewe kuridhia, na picha za simu zisipigwe.

7. Kumlinda mtoto. Ruhusa ya wazazi ipatikane, waongozaji wawe wawili, wanawake wawe na mwongozaji mwanamke, wala mtu mzima asijifungie na mtoto peke yake.

8. Kujua mipaka na kujitunza. Mwongozaji ajue nani wa kumpelekea mgonjwa, naye awe na mtu wa kuzungumza naye, kwani anayesikia machungu ya watu kila siku huumia pia.

KIPINDI KIMOJA KINAVYOKWENDA

Kwa mfano, chukua dakika 45. Dakika 5 za mwanzo ni salamu na wimbo wa kufungulia, kila mmoja akitajwa jina. Dakika 10 ni za pumzi na mdundo mwepesi wa viganja juu ya mapaja, mwongozaji akianza na wenzake wakifuata. Dakika 20 ni za kazi yenyewe: kutunga beti mbili, kuchora mahali wanapopapenda, au kushona. Dakika 10 za mwisho ni za kushuka: sauti inapungua, kila mtu ananyoosha miguu sakafuni, anataja kitu kimoja anachokiona na kimoja anachokisikia, kisha wimbo wa kufungia na dua. Usimruhusu mtu kutoka akiwa analia peke yake. Baki naye, mpe maji, mfikishe kwao.

LINI APELEKWE KITUO CHA AFYA?

Mpeleke kituo cha afya au Mirembe kwa haraka ikiwa anazungumzia kujiua au kujidhuru, hali wala hanywi, anasikia sauti zisizokuwepo, au anawadhuru wengine. Mpeleke pia ikiwa dalili zimepita mwezi mmoja bila kupungua, au zinamzuia kusoma na kufanya kazi. Aliyebakwa apelekwe siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Wala mgonjwa wa kifafa au wa akili aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kuimba. Wimbo ni msaidizi wa tiba na haukuja kuiondoa.

NYUMBANI KWAKO

Ndugu msomaji, huenda mafunzo hayajafika mtaani kwenu. Anza na haya: mlaze mtoto saa ile ile kila siku, mwambie kabla kama kutakuwa na kelele za harusi au baruti, usimchape kwa kukojoa kitandani, mpe karatasi na penseli bila kumpangia la kuchora, na umsomee au umwimbie kabla ya kulala, hata kama sauti yako si nzuri.

Nimalizie na yule mtoto. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi yeye na mama yake. Niliuliza kwa waliosomea mambo haya, nikaelekezwa. Aliporudi madrasa, ustadhi alimkalisha karibu na mlango na kumpa dufu alishike yeye. Siku tatu alilishika tu bila kulipiga. Siku ya nne alilipiga kwa kidole kimoja, polepole, na wenzake wakamfuata yeye. Anayepiga hashtushwi na pigo lake mwenyewe. Maumivu ya tumbo yalipungua mwezi hadi mwezi, na kitanda kikakauka. Baruti za mwaka mpya bado humtoa jasho, lakini sasa anajua kusema, "Ninaogopa," na anajua nani wa kumwambia.

Basi maimamu, walimu wa madrasa, wauguzi na akina mama wa vikundi vya kaswida, chagueni watu wawili wawili kutoka kila msikiti, muombe wataalamu wa afya ya akili wawafunze. Hapa Dodoma wataalamu hao tunao, na sauti za kuimba tunazo. Kilichobaki ni kukutanisha hao na hawa kabla mtoto mwingine hajajificha chini ya benchi.

Tukutane tena katika toleo lijalo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.